Jembe Lililomsubiri Mjomba

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi, na sisi tulikuwa watu wa kwenda shamba. Jumamosi tulitoka kwetu Kamenge, mama mbele na kikapu, mimi nyuma na maswali, tukaenda mpaka Carama, pale mji ulipoishia na mihogo ilipoanzia. Siku hizi mji hauishii pale tena. Lakini wakati ule ukishavuka nyumba za mwisho ulisikia harufu ya udongo uliolimwa asubuhi, ukajua umefika kwa Babu.

Nisingeandika haya kama si picha. Wiki iliyopita binti wa mjomba wangu, ambaye anaishi Ulaya miaka mingi sasa, alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Chini yake aliandika, “Shamba letu, paradiso ya utoto wetu,” akaweka mioyo myekundu kibao. Watu wakaanza kulia kwa maandishi. Mmoja ah, mwingine oh, mwingine anauliza kama kuna anayekumbuka ladha ya vile viazi vya Bibi. Mimi nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa.

Kwenye picha Babu amesimama na jembe begani kama askari na bunduki. Bibi ameketi kwenye mkeka, amefunga mdomo kabisa, maana alisema kamera inahesabu meno. Mbele yao, kana kwamba wao ndio mandhari, amesimama Mjomba na tai yake, mkono mmoja juu ya boneti ya gari. Nyuma ni matuta ya viazi vitamu, michikichi, na kipande cha paa la mabati. Pembeni kulia kuna kiwiko cha mtoto. Hicho kiwiko ni mimi. Mpiga picha alinikata, na sioni kama kuna mtu kwenye kundi aliyejiuliza ni cha nani.

“Shamba letu.” Nililisoma neno hilo mara kadhaa. Binti huyo alikuja Carama akiwa mtoto labda mara tatu, akiwa na viatu vyeupe, akikataa kukanyaga. Simchukii. Hajui. Lakini baba yake anajua, naye pia yumo kwenye kundi, na chini ya picha alijibu kwa kuweka viganja viwili vilivyokutanishwa, kama mtu anayesali.

Basi acha niseme mimi.

Babu alikufa msimu wa mahindi mabichi. Hakuugua muda mrefu. Alilala na kifua, akaamka na kifua, halafu asubuhi moja hakuamka. Watu walikuja, wakakaa, wakaimba, wakatupa pole. Waliporudi kutoka makaburini, Bibi alifanya jambo ambalo sikuwa nimeliona hata siku moja. Alikusanya majembe yote ya nyumba, akayagonga moja moja juu ya jiwe la kunolea mpaka mipini ikachomoka. Mipini akaifunga pamoja kwa kamba ya mgomba, akaisimamisha kwenye kona. Vyuma akaviingiza chini ya kitanda cha Babu, makali yakiangalia ukuta.

“Bibi, sasa tutalima na nini?” nikauliza.

“Hatulime. Shamba iko mu kilio, kama sisi.”

Kwa Kirundi siku ya kumaliza matanga inaitwa kuganduka. Mjini watu wengi walikuwa wameshalainisha mambo. Wanakaa siku chache, wanasali, wanarudi kazini, na kuganduka kunabaki sherehe ya kula na hotuba baada ya miezi. Bibi hakuwa mtu wa kulainisha. Kwake yeye, shamba la marehemu haliguswi na jembe mpaka siku hiyo ifike, na siku hiyo mtoto mkubwa wa kiume atie mpini kwenye jembe la baba yake, apige udongo mbele ya watu, adondoshe punje za mtama. Na huyo aliyepiga amechukua vyote viwili, shamba na mjane aliye ndani yake. Hawezi kuchukua kimoja akaacha kingine, maana watu wote wamemwona.

“Mutu akipiga jembe mbele ya iyo siku,” alituambia, “kifo kinarudi mu nyumba. Na hakiulizake nani alilima.”

Mama yangu ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza wa Babu, lakini ni mwanamke, na jembe hilo halikumhesabu. Mwanamume alikuwa mmoja tu, Mjomba, ambaye sisi watoto tulimwita Tonton. Alikaa Kiriri, juu mlimani, kwenye nyumba yenye lango la chuma na mlinzi wa kukuuliza wewe ni nani hata kama alikuuliza wiki iliyopita. Alifanya kazi kwenye ofisi kubwa ambayo sikuwahi kuielewa, na mama hakuwahi kuieleza. Kwa hiyo jembe la Babu likaanza kumsubiri Tonton.

Mwanzoni hatukuona tatizo. Tonton alikuja kumwona mama yake baada ya mwezi hivi, na mkate na sukari, akakaa kwenye kiti kimoja kilichokuwa na mgongo mzima.

“Maman, usikuwe na haraka,” alisema. “Sitaki tuganduke kimasikini. Nataka tente, viti, watu wa kutosha. Baba alikuwa mutu mukubwa.”

Bibi alifurahi. Alirudia maneno hayo kwa majirani siku nzima: tente, viti. Akaanza kuweka mtama wa pombe pembeni. Halafu Tonton akasema tungoje likizo ya Desemba. Desemba akasafiri kikazi. Aliporudi akasema tungoje arusi ya binti wa mkubwa wake kazini, maana hawezi kufanya sherehe mbili kwa mwezi mmoja. Kila mara alitoa sababu yenye heshima, na kila mara Bibi alitikisa kichwa akisema mwanawe ana mambo mengi. Mvua za kwanza zikanyesha. Majirani wote wakainama mashambani, migongo imejipanga kuanzia kwetu mpaka bondeni, na katikati yao shamba la Babu likabaki limelala.

Bibi alikuwa mkali juu ya jembe, lakini hakuwa mpumbavu. Aliruhusu mikono. Mikono, alisema, Mungu ameiumba bila mpini. Kwa hiyo tulivuna kwa mikono viazi ambavyo Babu mwenyewe alikuwa amepanda. Tulipiga magoti kwenye matuta, Bibi, mama na mimi, tukafukua kwa vidole. Siku ambazo mvua imenyesha ilikuwa mchezo. Siku ambazo udongo umekauka, kucha ziliuma mpaka ukilala unazisikia. Niliokota kijiti nichimbie, Bibi akanipiga nacho kwenye kiganja, si kwa nguvu.

“Ni jembe hiyo,” alisema.

“Ni kijiti, Bibi.”

“Chenye kinachimba ni jembe.”

Viazi vya juu vikaisha. Kukabaki mihogo, na muhogo haukubali vidole. Tulikumbatia mashina tukavuta, mama akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, shina likakatika, tukaanguka chali tukacheka. Siku hiyo tulicheka kweli. Sikuelewa kwa nini Bibi alikuwa wa kwanza kuacha kucheka. Muhogo ulibaki chini, na ukiuacha muda mrefu unageuka kuni. Majani ya juu tulichuma tukapika sombe mpaka mashina yakabaki uchi.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kutumwa Carama na chakula. Bugali kwenye bakuli, ndagala kidogo kwenye karatasi, maharagi ikiwa baba amelipwa. Nilimkuta Bibi ameketi kwenye kizingiti anaangalia magugu. Alikuwa mwanamke aliyekuwa akiwapa wengine mbegu. Sasa alifunua bakuli la mtoto wake wa kike kama mtu anayefunua nguo ya mtu mwingine. Alikula nusu, nusu akaificha ya kesho, akadhani sikuona. Mabega yake yalianza kutokeza kwenye nguo. Nilimwambia mama. Mama akasema Jumamosi atakwenda kuzungumza naye.

Alizungumza naye. Hata Mama Goreti, jirani wa kuvuka njia, mwanamke wa maneno mafupi, alizungumza naye akiwa amebeba jembe lake mwenyewe begani.

“Mama, wewe muiko unauchunga sana,” alisema. “Na wenyewe unakuchunga?”

“Mi sina mutoto mwingine wa kuzika,” Bibi akajibu.

Basi. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba hakuwa akiogopa kwa ajili yake. Alifukua udongo kwa kucha ili Tonton asife, na ili mama yangu asife, na mimi. Aliamini hivyo kama unavyoamini kwamba moto unaunguza. Njaa aliiona kama ada ya kutulinda.

Msimu wa pili ukapita hivyo hivyo. Magugu yakawa marefu kuliko mimi. Kwenye kuta za nyumba mchwa wakaanza kujenga vichuguu vyao.

Halafu Tonton akaja bila kualikwa. Ilikuwa Jumamosi mchana, mama na mimi tulikuwepo. Alishuka kwenye gari na mzee mmoja tuliyemfahamu, shefu wa katiye, yaani kiongozi wa mtaa, na nyuma yao bwana mnene ambaye hatukumfahamu, na vijana wawili wenye utepe wa kupimia na vigingi. Bibi alipoona watu wengi namna ile uso wake ulifunguka. Alidhani tente zinakuja nyuma. Aliingia ndani mbio, kwa mbio alizobakiza, akatoka amebadilisha kitambaa cha kichwani.

Tonton alikuwa amesimama ukingoni mwa magugu, anaonyesha kwa mkono.

“Bon, shefu, unaona mwenyewe. Hii shamba haina mutu. Tangu baba alikufa, hakuna mwenye aliweka hata jembe moja. Maman amezeeka, awezi tena.”

Shefu aliangalia magugu muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya, nafikiri. Alikuwa mtu aliyekuja kuona kitu akakiona. Akamgeukia Bibi kwa adabu, akamwita bibi kwa Kirundi.

“Nyokuru, ni kweli haukulima?”

Ningekuwa na mdomo wa mtu mzima siku ile! Ningepiga kelele. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na mama alikuwa bado nyuma ya nyumba anafua, na Bibi alikuwa amelisikia swali hilo kwa masikio ya mjane aliyekaa vizuri. Aliona anaulizwa kama ameheshimu kifo cha mume wake. Alijinyoosha. Sauti yake ilikuwa na furaha, jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa barabarani nasimama.

“Ni kweli. Sikulima,” alisema. “Ata mara moja. Uliza jirani.”

Akamwita Mama Goreti kwa sauti kubwa aje ashuhudie. Mama Goreti alivuka njia polepole, akaangalia gari, akaangalia vigingi, akaelewa yote kabla yetu. Shefu akamuuliza. Yeye akatazama miguu yake.

“Nyokuru anasemaka ukweli,” akasema, na machozi yakamtoka, na Bibi akamshika mkono akimbembeleza, akidhani analia kwa ajili ya Babu.

Shefu akatikisa kichwa kukubali. Yule bwana mnene akatikisa kichwa. Kijana akaweka kigingi cha kwanza na kukigonga kwa jiwe. Sauti ya jiwe ndiyo iliyomtoa mama nyuma ya nyumba, mikono ikiwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Aliuliza nini hiki. Tonton akasema parseli, viwanja vya kuuzwa, kwa kuwa shamba lisilolimwa halina mwenyewe. Alisema kama unavyosema mvua.

“Kaka,” mama alisema, “ni weye ulikuwa unasubiriwa.”

“Mi sikukataza mutu kulima.”

Nimeishi na sentensi hiyo miaka yote hii. Nimeigeuza kila upande nikitafuta uongo ndani yake, sijauona. Kweli hakumkataza mtu.

Bibi alielewa kwa kuchelewa, lakini alipoelewa hakulia wala hakulaani. Aliingia ndani, akatoka na chuma cha jembe la Babu kwenye mkono mmoja na mpini kwenye mwingine. Alivitia pamoja mwenyewe, akagonga chini ya mpini kwenye jiwe mpaka vikakaza. Akamwendea mwanawe, akamnyooshea.

“Piga mara moja, mwanangu. Moja tu. Alafu uuzishe.”

Hakuwa akiombea shamba tena. Alishaliacha. Aliomba tu matanga yamalizwe kwanza, ili udongo upigwe kwa ruhusa, ili kisirudi kile alichokizuia kwa kucha zake misimu miwili. Na Tonton, aliyetuambia tusubiri tente, aliyetuambia Desemba, aliyetuambia arusi, akarudi nyuma hatua moja.

“Maman, tuko Bakristo. Ayo ni mambo ya zamani.”

Jembe lilibaki hewani kati yao. Mama akaja akalikamata. Nilimwona akilishika vizuri, kwa mikono miwili, na nikajua anataka kupiga yeye, pale pale, mbele ya shefu na vigingi. Bibi akamrukia mkono.

“Weye apana! Utakufa, mwanangu. Weye apana.”

Mama akasimama. Akaliweka jembe chini kwenye magugu. Nafikiri lilibaki pale pale, maana hatukuliona tena. Wiki iliyofuata vibarua walileta mawe, wakachimba misingi, na udongo wa misingi ukafunika kila kitu.

Bibi alihamia kwetu Kamenge. Tulilala kitanda kimoja, yeye upande wa ukuta. Hakulalamika hata kidogo, na hilo lilimuumiza mama zaidi. Asubuhi alikuwa akimuuliza baba, aliyefanya kazi upande ule, kama mvua imenyesha Carama. Baba akisema imenyesha, alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu ambaye bado ana kitu kinachoota huko. Alikula kama ndege. Tulimpeleka hospitali, wakampa dawa za tumbo na za damu, wakasema ni uzee. Alikufa kabla ya mvua za msimu uliofuata.

Kwa hiyo onyo lake lilitimia. Udongo ulipigwa kabla ya siku yake na kifo kilirudi nyumbani, wala hakikuuliza nani alilima. Waombolezaji walisema hivyo, nami nilikuwa nimekaa kati yao nikigawa maji. Mtoto anayeshuhudia neno la bibi yake likitimia anaogopa hata kivuli chake.

Lakini woga huo ulidumu mpaka Tonton aliposimama kuhutubia. Alikuwa na kitambaa cheupe, akajifuta macho.

“Maman alituambia,” alisema. “Udongo ulipigwa mbele ya wakati. Sisi batoto ba leo hatusikie.”

Sisi! Watu wakaitikia eeeh, wakatikisa vichwa, wengine wakamhurumia. Kulikuwa na mzee mmoja aliyemshika bega. Mama yangu aliinuka akaenda jikoni, nikasikia akidondosha sufuria, na sidhani ilimponyoka. Ukristo wake wa kule kwenye vigingi ulikuwa umekwenda wapi? Siku ile ya jembe mwiko ulikuwa mambo ya zamani; siku ya jeneza ukawa ndio uliomuua mama yake, si yeye. Nilimchukia kwa chuki safi ya kitoto, na leo nina watoto wangu mwenyewe na bado sijaona sababu ya kuipunguza.

Safari hii hakuchelewesha kuganduka. Alituita Kiriri, kuganduka kwa Babu na Bibi pamoja. Tente zilikuwepo. Viti vilivalishwa vitambaa. Kulikuwa na mishikaki, soda za kila rangi, na kipaza sauti. Ikafika wakati wa jembe, na kwa kuwa shamba halikuwepo tena, msema chochote akatangaza kwamba mtoto wa kiume atapiga udongo hapo hapo nyumbani. Wakaleta jembe jipya la dukani, mpini bado una karatasi ya bei. Tonton akavua koti. Akapiga mara moja kwenye majani mafupi ya bustani, karibu na mawaridi, akadondosha mtama, watu wakapiga makofi na vigelegele, mpiga picha akamwomba arudie. Akarudia. Baadaye, watu walipokuwa wanakula, nilimwona mtunza bustani akija na kipande cha majani, akaziba lile shimo kwa mguu, na punje zake za mtama ndani. Mama hakula kitu. Alinikataza na mimi, nami nilikuwa nimeitamani mishikaki wiki nzima.

Imenichukua miaka kuelewa kitu kimoja kuhusu siku ya vigingi. Nilidhani Tonton hakuamini. Sivyo. Mtu asiyeamini angepiga jembe moja kumridhisha mama yake, akapangusa viatu, akaendelea na biashara yake. Ingemgharimu nini? Yeye alirudi nyuma hatua moja. Aliamini kama Bibi alivyoamini, tena labda zaidi: alijua kwamba akipiga mbele ya shefu na Mama Goreti, amemchukua mjane pamoja na shamba, na mjane hakumtaka. Ndiyo maana alilikwepa jembe mpaka likabaki halina mtu wa kulipiga, na alipokuwa hana tena wa kumlisha, akalipiga mara mbili, moja kwa ajili ya picha. Bibi mwiko ulimlinda kama banda linavyomlinda kuku huku kicheche yumo ndani.

Watu waliosoma huwa wananiambia mila zetu zilikuwa ngao ya wanyonge. Labda. Sibishani. Mimi nasema tu kwamba mwiko haukumuua Bibi. Njaa ndiyo iliyomuua, na subira, na mtoto aliyemzaa mwenyewe akamwonea fahari. Nasema hivyo kwa sababu nimechoka kusikia ukoo wangu ukisema kwamba ulikuwa udongo.

Baba yangu alifariki miaka michache iliyopita. Asubuhi baada ya maziko, nyumba bado imejaa wageni waliolala kwenye mikeka, mama alitoka na nguo zake za msiba, akachukua jembe, akaenda nyuma ya jiko. Hapo tuna kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa vitanda viwili. Akaanza kulima. Dada yake baba alitoka akiwa hata hajanawa uso, akapiga kelele kwamba mama anataka kuwamaliza wote. Wanaume wakasimama mlangoni, kaka yangu akiwa kati yao, hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Mimi nilikwenda karibu, nikaona anafumba macho kila jembe linaposhuka. Alikuwa anaogopa. Mama yangu anaamini kila neno alilosema Bibi, hajawahi kuacha kuamini, na alilima hivyo hivyo mpaka mwisho wa kipande, akamwaga mbegu za mboga za lengalenga, akafunika kwa mguu. Shangazi aliugua malaria mwezi uliofuata, akapona, na nadhani kupona kulimuudhi.

Jioni ya siku hiyo mama alinikalisha chini.

“Mi nikikufa,” alisema, “usingoje kaka yako. Usingoje mutu. Kesho yake ulime.”

“Mama, watu watasema.”

“Waseme,” akanijibu. “Weye utakuwa umekula.”